Okestra Ndani ya Sanduku

Ilikuwa baada ya Alasiri, nami nimeketi kibarazani kwangu hapa Mji wa Kale, kikombe cha kahawa mkononi, mpwa wangu aliponijia na kompyuta yake kwapani. Alinipa mkono, akaubusu wangu kama alivyofunzwa na mamake, kisha akasema, "Shikamoo, mjomba. Nina haja nawe."

"Marahaba, mwanangu. Haja ya pesa au haja ya maneno?"

"Ya maneno, mjomba. Nataka beti mbili za kutia katika muziki wangu."

Mpwa wangu huyu hutengeneza muziki wa dansi kwa mitambo. Hana bendi, hana ngoma, hana hata filimbi. Ana kompyuta, na kinanda kidogo kisichotoa sauti yoyote mpaka kiungwe nayo. Alinivisha vipokea sauti masikioni akabonyeza. Kwanza nikasikia ngoma ya mapigo manne, mfululizo, kama mchi utwangao kinuni bila kuchoka. Juu yake zikaja nyuzi, si nyuzi za fidla moja bali kama za fidla mia, zikapanda taratibu kama maji yanavyojaa bandarini. Mara ngoma ikakatika, nyuzi zikanyamaza, na katika kimya kile ukaingia mvuto mmoja wa fidla. Ukakatwa. Ukarudiwa. Ukapandishwa juu, ukateremshwa chini, ukarudiwa tena.

Nilivua vile vitu masikioni. Mkono ule nilikuwa naujua.

"Fidla hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kanda, mjomba. Imo katika sanduku la bibi."

Ilikuwa fidla ya marehemu kaka yangu, aliyekuwa akipiga katika vikundi vya taarabu hapa mjini, na kanda yenyewe aliirikodi nyumbani kwake mwaka 1986. Mpwa wangu hakuwa ameiba kwa nia mbaya. Aliona sauti nzuri imelala sandukuni, akaiamsha. Lakini hakuwa amemwuliza mtu yeyote, na mjane wa marehemu yu hai, tena anakaa mtaa wa pili kutoka hapa.

Nikamwambia, "Beti zako sikupi leo. Nipe siku chache nifikiri."

Msomaji mpenzi, jambo hili la nyumbani kwetu ni dogo, ila limo ndani ya jambo kubwa. Tangu zamani watu wamejaribu kuitia okestra nzima ndani ya sanduku ili mtu mmoja aweze kuichezesha kwa vidole vyake. Hii leo, katika muziki wa dansi wa mitambo, sauti za okestra zimejaa tele, na wengi wa wapigao hawajapata kuiona okestra kwa macho. Je, ni sawa? Na sauti hiyo, ikishatoka mikononi mwa aliyeipiga, huwa ni mali ya nani?

Najua wako miongoni mwa wasomaji wangu wasioridhia ala ya muziki hata moja, na wanayo dalili yao. Mimi si mufti, ni mtunga mashairi na mwandishi wa gazeti. Ninazungumza juu ya kitu kilichopo, kinachosikika katika arusi zetu na madukani mwetu, na nadhani ni bora tukijue kuliko kukipita tumeziba masikio.

Nilipokuwa mdogo chuoni, mwalimu wetu hakuwa mtu wa kukubali neno lolote hivi hivi. Mwanafunzi akisema, "Nimesikia kwamba mambo ni kadha wa kadha," mwalimu humkazia macho na kumwuliza, "Umepokea kwa nani? Na yeye alipokea kwa nani?" Ukikosa jibu, neno lako halina miguu, hata liwe tamu namna gani. Siku zile nilimwona mkali bure. Lakini swali lake ndilo nililolichukua kwenda kuiandama sauti ya okestra iliyomo mitamboni, na nilikuta kwamba sauti moja, maarufu kuliko zote, ina silsila kamili.

Katika muziki wa dansi wa miaka ya 1980 ilikuwako sauti moja ya ghafla, kama okestra nzima imeangushwa kutoka ghorofani: fidla, tarumbeta na ngoma, zote kwa pigo moja, kisha basi. Mimi mwenyewe niliisikia ningali kijana wa sekondari, pale wenzangu walipotandika makaratasi ya maboksi njiani wakajizungusha juu yake kwa mgongo na kwa kichwa, na redio ya kanda kando. Sikujua ni nini. Nilidhani ni mtambo tu unapiga kelele.

Kumbe haukuwa mtambo. Walikuwa watu. Mwaka 1910, mjini Paris, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa dansi uitwao The Firebird, yaani Ndege wa Moto, ambao muziki wake ulitungwa na Mrusi kijana, Igor Stravinsky. Ndani ya hadithi hiyo yumo mchawi aitwaye Kashchei, ambaye hafi, kwa sababu roho yake haimo kifuani mwake: imefichwa ndani ya yai, na yai limefungiwa kasha. Hadithi za namna hiyo hata sisi tumezisikia kwa bibi zetu. Ndege wa Moto anawatia uchawi watumishi wote wa Kashchei, wanacheza dansi ya kichaa wasiyoweza kuiacha mpaka wanaanguka kwa uchovu. Na dansi hiyo inafunguliwa na pigo moja kuu la okestra nzima.

Pigo hilo ndilo lile nililolisikia juu ya makaratasi ya maboksi. Lilifikaje huko?

Mwaka 1979, mjini Sydney, Australia, vijana wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, walitoa mtambo walioupa jina la Fairlight, jina walilolichukua kutoka chombo cha abiria kilichokuwa kikikata maji ya bandari ya mji huo. Mtambo huo ulikuwa na kinanda, na kioo kama cha televisheni, na kalamu ya mwanga ya kuchorea mawimbi ya sauti juu ya kioo. Kubwa zaidi, uliweza kuisikia sauti yoyote iliyo duniani, mbwa akibweka au gilasi ikivunjika, ukaihifadhi na kuitoa tena kwa kila kibonyezo cha kinanda, nyembamba upande wa kulia, nene upande wa kushoto. Bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Si mtambo wa mtoto wa mtu.

Mtambo huo uliuzwa pamoja na maktaba ya sauti zilizokwisha kurikodiwa. Mmoja wa waliozikusanya sauti hizo ni mwanamuziki David Vorhaus, aliyekuwa Uingereza. Yeye aliichukua rikodi ya Ndege wa Moto, akakata lile pigo moja, akalitia katika mtambo. Maktabani likaandikwa kwa jina la faili tu: ORCH5. Halikutajwa jina la Stravinsky, wala la okestra, wala la aliyeiongoza.

Mwaka 1982, mjini New York, Afrika Bambaataa na wenzake wa Soulsonic Force, pamoja na mtayarishaji Arthur Baker na mpiga kinanda John Robie, walitengeneza rikodi iitwayo Planet Rock. Sauti ya muziki waliitazamia kwa Wajerumani wa Kraftwerk, ngoma wakaitoa katika mashine ya Roland TR-808 kutoka Japani, na ndani ya studio waliyoikodi palikuwa na Fairlight. Wakabonyeza ORCH5. Pigo la Kashchei likalipuka katikati ya mitaa ya Bronx, na kuanzia hapo kila mwenye mtambo akalitaka lake. Viwanda vingine vikalinakili katika mitambo ya bei nafuu, na nakala ikazaa nakala, mpaka likatufikia sisi Mombasa ndani ya kanda.

Stravinsky mwenyewe alifariki mwaka 1971, katika mji huo huo wa New York. Miaka kumi na mmoja baadaye pigo lake likarudi mjini humo kuchezwa na vijana ambao wengi wao, nina hakika, hawakuwa wamelisikia jina lake. Na tazama ajabu: yeye alilitunga ili watu wachezeshwe dansi wasiweze kuacha. Vijana wa Bronx hawakuijua silsila, lakini maana hawakuikosa. Roho ilitoka kwenye yai, ikaingia kwenye kasha jingine.

Sasa nieleze kidogo namna kazi hii inavyofanyika, kwa kuwa mpwa wangu alinifunza kwa subira nami nisingependa elimu hiyo inifie kifuani.

Ziko njia mbili za kuipata okestra bila okestra. Ya kwanza ni hiyo ya kunasa. Sauti ni upepo unaotikisika. Mtambo huupima mtikisiko huo mara nyingi sana kwa kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Katika diski za CD, vipimo hivyo ni 44,100 kwa sekunde moja. Ukizisoma tarakimu kwa mwendo ule ule, sauti hurudi kama ilivyokuwa; ukizisoma upesi zaidi hupanda juu; ukizisoma polepole huteremka. Fairlight ya kwanza ilikuwa na ngazi 256 tu za kupimia ukubwa wa wimbi, na nafasi yake ya kuhifadhi ilitosha kipande kifupi mno. Ndiyo maana pigo lile la ORCH5 lina mikwaruzo kama sauti inayotoka ndani ya debe. Lakini mikwaruzo hiyo hiyo ndiyo iliyopendwa. Vijana hawakutaka okestra ya kweli. Walitaka kivuli chake, na kivuli huweza kurefuka kuliko mtu.

Njia ya pili ni ya kuigiza bila kunasa. Hapa hakuna fidla hata moja iliyowahi kupigwa. Mtambo huzaa wimbi la umeme lenye umbo la meno ya msumeno. Mpwa wangu alinisikizisha wimbi moja peke yake: jembamba, linaudhi, kama mbu sikioni. Akaongeza la pili, akalipotosha kidogo tu lisilingane sawasawa na la kwanza. Pale pale sauti ikaanza kuwa hai, ikawa inatembea. Akaongeza mpaka yakawa saba, na mbu yule akageuka bahari.

"Siri ni nini?" nikamwuliza.

"Siri ni kutolingana, mjomba. Yakilingana barabara, saba huwa kama moja."

Nilicheka, kwa sababu jambo hilo kaka yangu alikuwa akilisema bila ya umeme. Fidla kumi zikipigwa pamoja, hapana mbili zilizo sawa kabisa. Mmoja anavuta mbele kidogo, mwenziwe nyuma, huyu kidole kimepanda unywele mmoja, yule kimeshuka. Tofauti hizo ndogo ndizo zifanyazo sauti iwe pana. Mafundi wa Uholanzi wa kampuni ya Eminent walilijua hilo walipotoa kinanda cha nyuzi kiitwacho Solina mwaka 1974. Waliitia sauti moja katika njia tofauti zenye kuchelewa na kuyumba, ili ifanane na ya kundi. Wajapani wa Roland, mwaka 1996, walitoa mtambo wa JP-8000 wenye mawimbi saba ya msumeno yaliyopotoshwa makusudi, na sauti yake ikawa ndiyo alama ya dansi ile iitwayo transi, iliyokuwa ikijaza kumbi za Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuzi zile zilizonijia kama maji ya bamvua zilikuwa za aina hiyo.

Kwa hiyo mtambo haukuvumbua uzuri. Uliuona uzuri uliomo katika kasoro za watu, ukauhesabu.

Lakini, ndugu msomaji, kila neema ina mwenye kuilipia. Katika miaka ya 1970 muziki wa disko wa Marekani ulikuwa ukiajiri wapiga fidla wa kweli. Nenda kwenye rikodi za MFSB za Philadelphia, utawasikia wamepangana safu kwa safu. Mwaka 1977, mjini Munich, Giorgio Moroder na Pete Bellotte wakamrikodia Donna Summer wimbo wa I Feel Love ambao karibu kila sauti yake, mbali na ya mwimbaji, imetoka mtamboni. Watu wakacheza vile vile, na matajiri wa studio wakapiga hesabu. Mwaka 1982, mwaka ule ule wa Planet Rock, tawi la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza zipigwe marufuku, baada ya mwimbaji Barry Manilow kuzuru nchi hiyo na vinanda vya mitambo mahali pa okestra. Wengi waliwacheka wanachama wale. Mimi siwacheki, kwa sababu yaliyowakuta nimeyaona nyumbani kwetu.

Taarabu yetu nayo ilikuwa na okestra. Unguja, kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na baadaye taarabu ya huko ikapanuka kwa mfano wa firka za Misri: fidla safu nzima, selo, besi kubwa la kusimama, udi, ganuni, nai na akodiani. Kwetu Mombasa vikundi vilikuwa vidogo zaidi, lakini fidla ilikuwa na kiti chake. Kisha, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikaja vikundi vya taarabu ya kisasa, East African Melody miongoni mwao, na kinanda cha umeme kikatwaa nafasi ya wengi. Watu waliinuka kucheza badala ya kuketi kusikiliza. Sikatai kwamba ilipendwa, na inapendwa hadi leo.

Kaka yangu aliiona hesabu hiyo kwa macho yake. Mwenye arusi alikuwa akiita watu wanane au kumi, kila mmoja na ala yake, na kila mmoja alishwe na alipwe. Sasa akaja mtu mmoja na kinanda kwapani, akabonyeza kibonyezo kilichoandikwa "nyuzi", na kikundi kizima kikaenea ndani ya teksi moja. Siku za arusi kaka akawa anakaa nyumbani. Hakumlaumu mtu. Neno moja tu alilokuwa akilirudia ni kwamba kinanda kile hakijui kutamka. Katika maqamu ya Rast, sauti ya tatu hukaa katikati, baina ya vibonyezo viwili vya kinanda cha kizungu. Kidole cha mpiga fidla huifikia, kwa sababu shingo ya fidla haina vizuizi, lakini kinanda kile kilipita juu yake au chini yake. "Ni kama mtu asiyeweza ghaini," alikuwa akisema. "Utamwelewa, lakini utajua si wa hapa." Baadaye viwanda vilitengeneza vinanda vyenye vitufe vya kurekebisha robo za sauti kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Kwa kaka yangu vilikuja kwa kuchelewa.

Basi mwaweza kuona kwa nini mkono wangu ulikuwa mzito kumpa mpwa wangu beti zake. Mtambo uliomkalisha marehemu nyumbani ndio sasa unamchezesha.

Hata hivyo, haki ni haki, na yapo ya upande wa pili. Mwaka 1987, mjini Detroit, Derrick May alitoa rikodi iitwayo Strings of Life, Nyuzi za Maisha. Ndani yake mna piano ya Michael James na nyuzi za okestra zilizonaswa mtamboni, zimekatwakatwa, zinagonga kama ngoma. Besi haimo kabisa. Hapana mpiga fidla anayeweza kuzipiga nyuzi hizo namna ile, wala asingetaka. Hapo mtambo haukujifanya okestra ili mpigaji afukuzwe kazi. Ulifanya lile ambalo ni wao peke yao waliweza. Na mwaka 2005, kwenye daraja la kale la Pont du Gard, Ufaransa, Jeff Mills, naye mwana wa Detroit, alikaa na mitambo yake mbele ya okestra ya Montpellier, nao wakaupiga muziki wake kwa fidla na tarumbeta za kweli. Yale yaliyoibwa na mtambo yakarudishwa kwa mikono ya watu, na wao wakalipwa ujira wao.

Nikaona kwamba iko tofauti kati ya kuiga ili kuficha na kuazima ili kuongeza. Mwenye kubonyeza "nyuzi" arusini ili asiite wapiga fidla anaficha. Mwenye kuchukua mvuto mmoja akaufanya kitu ambacho fidla haiwezi, anaongeza. Lakini hata huyo wa pili lile swali la mwalimu halimwachi: umepokea kwa nani?

Siku ya nne nilimchukua mpwa wangu tukaenda kwa shemeji yangu. Alitukaribisha ukumbini, akatuletea kahawa na vitumbua, akauliza habari za kila mtu hata za paka. Kijana alikuwa ameinama. Nikamwambia, "Sema mwenyewe."

Akasema, "Mkaza mjomba, nimechukua sauti ya marehemu bila ya kukutaka ruhusa. Nimekuja unisamehe, nawe uisikize. Ukisema niifute, nitaifuta mbele yako."

Mama yule hakutaka kuvishwa kitu masikioni, basi ikachezwa kwa kipaza sauti kidogo. Alisikiliza yote hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Panka liko wapi?"

"Panka gani, mkaza mjomba?"

"Aliporikodi palikuwa na panka juu ya dari, hapo ulipoketi. Lilikuwa likilia kwa kila mzunguko. Nilimwambia alizime, akasema joto litamlegezea nyuzi. Katika kanda lilikuwa likisikika."

Kijana akanitazama. Akaeleza kwamba aliusafisha mvuto ule kwa programu ya kompyuta, akauondoa ule mvumo akidhani ni uchafu.

"Si uchafu," alisema shemeji yangu. "Ni nyumba yangu."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema tena, pole pole: "Na mbona mwamfanya aseme neno moja tu, kama kasuku? Yeye hakuwa mtu wa neno moja. Kanda ile ina taqsimu nzima. Ikiwa mwataka wenzenu wacheze, wachezeni, mimi siwazuii. Lakini kwanza wamsikie amalize maneno yake. Kisha mkate mtakacho."

Hilo ndilo sharti lake, na la pili ni kwamba jina la marehemu liandikwe kila mahali litakapoandikwa la kijana, na kitakachopatikana, kidogo au kingi, kipitie mlangoni kwake. Mpwa wangu aliyakubali yote mawili pale pale.

Baada ya juma moja alirudi kibarazani. Safari hii muziki wake ulianza bila ngoma. Kwanza lilikuja panka, likilia kwa kila mzunguko. Kisha kaka yangu akaanza, akapita katika Rast, akaikanyaga ile sauti ya tatu pale pale mahali pake, akazunguka, akarudi nyumbani. Ilichukua muda wa dakika mbili na kitu. Katika dansi za vijana muda huo ni mrefu, na mpwa wangu aliniambia wenziwe wamekwisha kumlalamikia. Ndipo mchi ukaanza kutwanga, na zile nyuzi saba za uongo zikapanda kama maji, na mvuto wa fidla ukaingia, umekatwa, unarudiwa. Lakini sasa aliyesikiliza alikuwa amekwisha kujua umekatwa kutoka wapi.

Sisemi niliupenda. Masikio yangu ni ya zamani, na ngoma ile ya mapigo manne hunichosha kabla haijawachosha wenyewe. Nasema tu kwamba sikuona haya kuusikiliza.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza muziki vyumbani mwao usiku kwa kompyuta, nina neno moja. Sauti mnazozikuta ndani ya mitambo yenu zimeandikwa "nyuzi", "okestra", "pigo", kana kwamba zimeota kama uyoga. Hazikuota. Kila moja ina mtu aliyekesha. Zile zilizotoka mbali mtajitahidi mzijue. Zile zilizotoka sandukuni kwa bibi, bisheni hodi kwanza. Nanyi wazee wenzangu, fungueni masanduku hayo kabla kanda hazijaoza. Mtambo unaowachukiza ndio peke yake utakaoihifadhi mikono ya ndugu zenu.

Beti nilimpa. Ni hizi, naye amekwisha kuzitia mahali ngoma inapotulia:

Sanduku lilo nyumbani, limehifadhi nasaba,
Upote ulo zamani, uliliya kwa mahaba,
Leo umo mtamboni, usitiwe kwa ghiliba,
Mtaje aliyebuni, ndipo itimu haiba.

Vijana mkikutana, ngoma mkaitandaza,
Wazee walosonona, kwa uta wakaikuza,
Msiwasahau jina, mkaacha kuwatuza,
Mtaje aliyebuni, ndipo itimu haiba.